Jiwe la Hifadhi

Barabara ya Kilwa yaanza Bendera Tatu,
ambapo sijawahi kuona bendera hata moja.
Inashuka na harufu ya dizeli ya bandarini,
Uhasibu, Kurasini, viwanja vya Sabasaba
vinavyolala karibu mwaka mzima,
inavuka Mtoni juu ya maji yasiyotaka kutazamwa,
Mtongani, Mission, Zakhiem, Kizuiani,
hadi Rangi Tatu. Sisi wa Mbagala twahesabu hivyo:
tatu mpaka tatu,
katikati vumbi letu.

Baba, Mwinshehe Pazi, aliijua kwa sululu.
Idara ilimpa buti, koleo, na mashimo ya kuziba.
"Lami ni uji wa mgonjwa," alisema, "haingoji."
Shimo la Kizuiani aliliita Deni:
kila masika lilirudi kudai.
Na pale Kizuiani, alisema, palikuwa na gogo
na askari mwenye kuchoma magunia kwa bambo
akitafuta korosho. Gogo lilioza.
Jina halikuoza; mpaka leo magari yanalisimamia.

Wapima walipokuja na mnyororo
baba ndiye aliyeubeba.
Mita thelathini toka katikati, jiwe.
Mita thelathini, jiwe.
Alichimba, akashindilia, akafuta jasho kwa kofia.

Mwaka wa pili akapata kiwanja, kifupi kidogo.
Usiku mmoja, daku limekwisha liwa,
mama akishika chemli chini ya khanga,
baba aling'oa jiwe lake mwenyewe
akalisogeza hatua nane kuelekea lami.

Hatua nane ni chumba na ukumbi.
Nilizaliwa katika hatua ya tano.

Jiwe likawa la nyumbani. Mama alinolea kisu,
sisi tuliponda kungu juu ya namba zake.
Akaja Bi Chausiku kujenga: akatazama jiwe.
Akaja Likwata na duka la mbao: akatazama jiwe.
Mtaa mzima ukanyooka nyuma ya uongo wetu
kama safu nyuma ya imamu.

Kisha kijana Kasuka na darubini ya miguu mitatu,
na mwenzake na kopo la rangi nyekundu.
X kwa Likwata. X kwa Bi Chausiku. X kwetu.
Watu wakapiga kelele: jiwe si lile pale!
Kasuka akafunua karatasi, akaikunja tena.
"Jiwe linatembea, wazee wangu. Ramani haina miguu."

Baba alikuwa ameketi kibarazani na redio yake.
Aliizima.
Akainuka, akahesabu kwa sauti, moja, mbili,
akiipa barabara mgongo,
akapita mlangoni, akapita kitanda chao,
na sisi nyuma yake tumekanyagana,
hata nane, mahali pa mtungi.
Akagonga sakafu kwa fimbo.
"Hapa. Chimbeni, mtakuta zege langu."

Hakuna aliyechimba.
Bi Chausiku alimtazama kama mtu anayesoma risiti.
Hakumwamkia tena, na walizikana hivyo hivyo,
yeye kwanza.

Sasa mabasi marefu yana njia yao ya zege
na pale petu pana mistari myeupe ya wavuka kwa miguu.
Huwa navuka nikihesabu. Kwenye hatua ya tano
madereva hunipigia honi, mama vipi?
Siwezi kuwaeleza kwamba nimesimama kuzaliwa.

Naishi Kongowe. Baba aliniachia jiwe,
lilikuja kwa mkokoteni, limekaa kando ya mlango,
halipimi kitu, linazuia mbuzi.

Jana nimesikia wapima wamefika Kokoto.
Nimeliingiza ndani.